Dawa ya maumivu aliyoandikiwa hospitali inaweza kumfanya mtu awe teja?

#1 Mwana_wa_Kayenze
Habari za jioni wana jukwaa. Niko Kayenze, Mwanza, mtandao unakuja na kupotea, mnivumilie.

Mdogo wangu ana miaka 27, mvuvi wa dagaa. Mwaka jana mwezi wa saba alikuwa amebeba injini ya mtumbwi pale mwaloni, akateleza kwenye jiwe, mgongo ukaumia. Tukampeleka hospitali moja mjini, jina naliacha. Wakampiga picha, mifupa mizima. Wakamwandikia tramadoli, kimoja asubuhi kimoja usiku, siku kumi. Cheti ninacho mpaka leo.

Siku kumi ziliisha, yeye hakuacha. Kwanza alisema mgongo bado. Baadaye akawa anasema akimeza anavuta nyavu mpaka alfajiri hasikii uchovu. Sasa hivi ni vidonge kumi, siku nyingine kumi na mbili. Akikosa siku moja tu jasho linamtoka, makamasi, anaharisha, miguu haitulii kitandani, na mke wake anaipata kwa kosa dogo kabisa. Wiki iliyopita wako majini usiku, akaanguka ndani ya mtumbwi, akatetemeka mwili mzima, povu mdomoni. Wenzake ndio walimshika asiende ziwani.

Nyumbani wanasema kifafa. Shangazi anasema kuna mtu ana wivu na mtumbwi wetu mpya.

Swali langu: dawa ya daktari inaweza kumfanya mtu awe teja kama wa unga? Au kuna kitu kingine anatumia ananificha?

#2 Boda_Buhongwa
Pole sana mkuu. Huo si uteja, hayo ni mazoea. Teja ni wa kujidunga sindano. Mimi kila nikishusha abiria wa mwisho nameza diklofenaki, kiuno kinakaa sawa, na si zote ni za maumivu tu? Mwaka wa nne huu na sijawa teja.

#3 Mfamasia_Nyakato
Boda, hapo umechanganya dawa mbili zisizo na undugu, na naomba urudi kwenye hilo la miaka minne. Diklofenaki inapunguza uvimbe na maumivu, haileti uraibu, ila ukiila kila siku inaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Kapime figo, nasema kwa nia njema.

Tramadoli ni ukoo wa mofini na heroini. Ilitengenezwa Ujerumani, ikaingia sokoni mwaka 1977, na kwa muda mrefu ilisifiwa kwamba haileti uraibu sana. Inakaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo mofini inakaa, na juu ya hapo inachezea kemikali mbili nyingine za ubongo zinazoshika furaha na uchangamfu. Ndiyo maana mwingine inamlaza na mwingine inampa nguvu ya kuvuta nyavu.

Mtoa mada, kidonge cha kawaida kina miligramu 50. Mtu mzima hatakiwi kuvuka 400 kwa siku, yaani vinane. Mdogo wako kwa kumi yuko 500, kwa kumi na mbili yuko 600. Degedege ni madhara yanayojulikana ya dawa hii, hata kwenye kipimo halali inaweza kutokea, na hatari inapanda kadiri kipimo kinavyopanda au akichanganya na pombe au baadhi ya dawa za sonona. Hayo mengine uliyoandika, jasho, makamasi, kuharisha, miguu kutotulia, ni arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa ukiikosa. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, na huenda hakufichi kitu chochote.

Moja la muhimu kabla sijalala: MSIMNYANG'ANYE vidonge vyote kwa mara moja. Apelekwe kwa daktari apunguziwe taratibu.

#4 Binti_Igoma
Nafuatilia. Kaka yangu naye ana hizo dalili za miguu.

#5 Mchimba_Nyarugusu
Mwadila wakuu. Mfamasia kaeleza kitaalamu, mimi niseme ya shimoni. Huku Geita mtu anashuka duarani mita nyingi kwa kamba, anakaa na nyundo saa nane, kumi. Kifua kinauma, mabega yanauma, kesho yake anashuka tena kwa sababu asiposhuka mgawo hapati. Zamani walikuwa wanapiga viroba, zile pombe kali za kwenye paketi. Serikali ilipovipiga marufuku mwaka 2017, wengine wakahamia kwenye vidonge. Nimeona kwa macho yangu mtu anagawa kwenye kifuniko cha chupa kama karanga.

Kwa hiyo mnatafuta mchawi wakati mchawi ni kazi. Mpe huyo mvuvi kazi ya mtu mwenye mgongo unaouma, uone kama atameza.

#6 Mzee_Kirumba
Naungana na namba 5 nusu. Mimi nilivua dagaa tangu enzi za karabai, kabla ya hizi taa za sola. Giza likiingia unakesha siku kumi na tano na zaidi, mbalamwezi ikitoka ndiyo unapumzika. Tuliumwa migongo yote, tukakandwa maji ya moto, tukalala. Kazi ilikuwa ileile. Kitu kilichobadilika ni kwamba sasa dawa inapatikana karibu kuliko maji ya moto. Kuna mtu anakuja nazo mpaka kambini, na anakopesha mpaka siku ya kugawana.

#7 Binti_Igoma
Wa kulaumiwa ni maduka basi. Hivi mtu anauziwaje bila cheti?

#8 Mfamasia_Nyakato
Dada, tramadoli ni dawa ya cheti. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kabisa kuiuza, famasi inaruhusiwa kwa cheti cha daktari tu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza na wanakagua. Lakini nikwambie ukweli wa kaunta. Mtu anakuja saa mbili usiku, haitaji jina la dawa, anasema "nipe ile ya mgongo", na anajua kabisa anachotaka. Ukimkatalia anakutukana, anavuka barabara. Nimekatalia mpaka mteja wa miaka mingi akanihama. Wapo wenzangu ambao hawakatai, na hilo linaniumiza.

Na nyingine hazipiti dukani kabisa. Afrika Magharibi zilipatikana zenye miligramu 200 na zaidi kwa kidonge kimoja, ambazo hospitali hazitumii. India ilipoiweka tramadoli kwenye sheria ya dawa za kulevya mwaka 2018, nyingi kati ya hizo zilikuwa zinatoka huko.

#9 Boda_Buhongwa
Mfamasia, kesho naenda kupima, umenitisha. Sasa na mimi niseme kitu ambacho hakuna anayekisema. Kijiweni kwetu wanaoitafuta tramadoli hawana mgongo wala kiuno. Wanaitafuta kwa ajili ya chumbani. Wanasema inachelewesha.

#10 Mchimba_Nyarugusu
Boda umesema "wanasema" au umesema 😄

#11 Boda_Buhongwa
Wanasema! Mimi nina watoto watano, sihitaji kuchelewa.

#12 Mfamasia_Nyakato
Boda kasema kweli na tusimcheke, hiyo ni njia kubwa ya kuingilia. Ni kweli inachelewesha kwa muda. Lakini anayemeza dawa za ukoo huu miezi na miezi, homoni za kiume zinashuka, hamu inakufa. Anaongeza vidonge kutafuta kile ambacho vidonge vyenyewe vimekiondoa.

#13 Sista_Mstaafu
Nimesoma yote. Nimefanya uuguzi miaka 34 kwenye mikoa mitatu ya kanda hii, naomba nami niseme.

Mnalaumu duka, mnalaumu kazi. Mtoa mada ameandika mwenyewe mlango ulivyofunguka: siku kumi. Vidonge ishirini kwa mgongo ambao picha imeonyesha mzima. Je, alipewa paracetamol kwanza? Je, aliambiwa "hii ikiisha usinunue nyingine, rudi nikuone"? Nimeona wodini mgonjwa anaandikiwa dawa kali kwa sababu foleni ni ndefu na maneno hayana muda. Huko Marekani mlango ulikuwa huohuo. Kampuni ya dawa ya Purdue ilitoa OxyContin, kidonge kikali cha maumivu cha ukoo wa mofini, mwaka 1996 ikiwaambia madaktari kwamba uraibu ni nadra, na mwaka 2007 ikakiri kosa mahakamani kwa kudanganya kuhusu dawa hiyo. Mwaka 2021 Marekani ilizika zaidi ya watu laki moja kwa kuzidisha dawa, wengi kwa dawa za ukoo huu, ingawa kufikia hapo muuaji mkubwa alikuwa fentanili ya mtaani, kali kuliko mofini, si kidonge cha hospitali.

Na sisi wenyewe wahudumu hatuko salama. Nilikuwa na mwenzangu, muuguzi hodari, alianza na pethidini, sindano ya maumivu ya ukoo huohuo, iliyobaki kwenye kichupa baada ya upasuaji. Nusu kichupa, zamu ya usiku, kichwa kinamuuma. Ilichukua miezi mingi sisi kujua, na tulikuwa tunakula naye meza moja. Hakuwa na njaa, hakuwa mvuvi, hakuuziwa na mtu. Naandika haya na machozi bado yapo.

#14 Mama_Amani
Pole Sista.

Mimi naogopa uzi huu unakoelekea, maana najua utaishia "zipigwe marufuku zote". Mwanangu ana selimundu (sickle cell), ana miaka 14. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wa hivyo, wenye watoto hao mnanielewa. Maumivu yake yakija, mtoto anauma shuka. Paracetamol haifiki hata mlangoni. Mwezi wa tatu nilimkimbiza kituo kimoja usiku, nikaomba apewe ile aliyoandikiwa na daktari wake wa kliniki. Aliyekuwa zamu akaniambia, mbele ya mtoto, "huyu ameshazoea sindano". Alilia mpaka asubuhi. Hakulia kwa sababu ya sindano.

Mtoto anayeihitaji dawa kwa maumivu ya kweli mkimwita teja, mtakuwa mmemuumiza mara mbili.

#15 Sista_Mstaafu
Mama Amani, nakuomba radhi kwa niaba ya huyo mwenzangu. Na uko sahihi. Mwili kuzoea dawa ni jambo moja, uraibu ni jambo jingine. Mgonjwa wa saratani anaweza kupata arosto akikatiziwa mofini ghafla, na hana uraibu wowote. Uraibu ni pale mtu anapoitafuta huku inamharibia, na hawezi kusimama.

#16 Mhaya_wa_Ng'ambo
Nipo Bukoba. Namuunga mkono Mama Amani kwa mfano wa jirani. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, wana mofini ya maji, inachanganywa kutoka kwenye unga wa mofini, inapewa wagonjwa majumbani. Kazi hiyo ilianza mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, na mwaka 2004 sheria yao ikaruhusu hata wauguzi waliofunzwa maalumu kuiandika. Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa Masaka, alikufa kwa saratani ya kizazi, alikufa anaongea na wajukuu, hapigi kelele. Dawa ni ileile mnayoiogopa. Tofauti ni kwamba kuna muuguzi anakuja, anapima chupa, anauliza, anaandika.

#17 Mwanazuoni_Malimbe
Kuna kitu hamjakigusa: ini. Nasomea udaktari, mwaka wa nne. Tramadoli ikiingia mwilini, ini linaigeuza kuwa kitu kikali zaidi kuliko yenyewe. Kodeini hivyohivyo, inageuzwa mofini. Sasa watu tumezaliwa na maini yenye kasi tofauti. Mwenye kasi kubwa anapata mofini nyingi kwa kidonge kilekile ambacho kwa mwenzake hakifanyi kitu. Ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kodeini na tramadoli kwa watoto chini ya miaka 12, ikaonya na kina mama wanaonyonyesha. Wengine pale Ethiopia na Afrika Kaskazini wana maini ya kasi hiyo kwa wingi. Huenda huyo mvuvi alizaliwa hivyo, ndugu zake wangemeza wasisikie lolote.

#18 Mfamasia_Nyakato
Dokta mtarajiwa, biolojia yako ni sahihi, ila usiipe ini mzigo wote. Kasi ya ini inaeleza kwa nini kidonge kinampiga mmoja zaidi. Haielezi kwa nini kambi nzima inakopeshwa vidonge.

#19 Mwanazuoni_Malimbe
Nimekubali kidogo. Lakini Mzee Kirumba namba 6 anasema walikuwa wanaumwa migongo kambi nzima, na hata leo si wote wanaomeza wanaonasa. Hapo maelezo ya kazi na ya duka nayo yanagota.

#20 Mtetezi_wa_Mila
Mnajua sana vidonge, hamjui watu. Mtumbwi mpya, kijana anaanguka majini usiku, na hakuna anayejiuliza? Shangazi wa mtoa mada ana akili kuliko nyinyi wote. Nendeni mkaangalie nyumbani kwanza.

#21 Mzee_Kirumba
Ndugu yangu, nyumbani tutaangalia, hatukatai. Ila mganga atapewa mbuzi, kijana ataendelea kumeza, ataanguka mara ya pili. Ziwa halisubiri.

#22 Nimetoka_Huko
Huwa nasoma tu humu, leo nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu.

Mimi nilikuwa kondakta, Mwanza hadi Musoma. Nilianza na kikohozi. Dawa ya maji ya kikohozi yenye kodeini, chupa moja wiki, baadaye moja kwa siku, baadaye tramadoli kwa sababu ilikuwa rahisi kuficha mfukoni. Niliongeza na valiamu ili nilale. Kwa faida ya anayeuguza: mchanganyiko huo, au vidonge na pombe, ndio unaozima pumzi. Siku moja mke wangu alinikuta nakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, hata akinifinya sisikii. Majirani walisema "mwacheni alale, amelewa". Angewasikiliza nisingekuwa naandika. Hospitali walinichoma naloksoni, dawa ya kuzimua hizi dawa, nikaamka natapika na kuwatukana. Mtu akikoroma hivyo usimwache alale. Mlaze kiubavu, mkimbize.

Arosto: kwangu ilianza nusu siku baada ya kidonge cha mwisho. Siku ya pili na ya tatu nilitamani kufa. Mifupa inauma kama inasagwa, na nilikuwa nasikia watu wanaongea nje ya dirisha, hakuna watu. Baada ya wiki mwili ulitulia. Kichwa hakikutulia mwaka mzima.

Na hili walisahau kuniambia, nikaligundua kwa msiba. Rafiki yangu alikaa soba hausi, nyumba ya kuachia dawa, miezi minne, akatoka safi. Sherehe ya kwanza akameza kipimo chake cha zamani. Mwili ulikuwa umeshasahau. Tulimzika Magu.

Mnauliza chanzo ni kazi, duka, daktari, ini au uchawi. Mimi nilikuwa na kikohozi tu, na nyumbani nilikuwa sitaki kurudi. Sijui mnaliweka kwenye kundi gani hilo.

#23 Binti_Igoma
Nimelia. Asante kwa kuandika. Msaada unapatikana wapi hapa? Nasikia methadoni, ile dawa wanayopewa mateja ili waache, ipo Muhimbili tu.

#24 Sista_Mstaafu
Hapana binti, hiyo ni habari ya zamani. Muhimbili walianza mwaka 2011, sasa kliniki zipo mikoa kadhaa, na hapa Mwanza ipo hospitali ya Sekou Toure. Ila methadoni imelenga zaidi waliozama kwenye heroini. Wa tramadoli wengi wanapunguziwa kipimo hatua kwa hatua na kupewa dawa za kutuliza dalili. Anza na daktari wa afya ya akili, Bugando au hapo hapo Sekou Toure. Mpeleke kaka yako bila kumtisha polisi, ukimtisha atakukimbia.

#25 Mtetezi_wa_Mila
Namba 22 pole. Bado nasimama kwenye la shangazi, lakini hospitali aende pia.

#26 Boda_Buhongwa
Ripoti: nimepima. Figo moja wameiandikia maneno, natakiwa kurudi. Diklofenaki nimeziacha juzi.

#27 Mwana_wa_Kayenze
Wakuu, samahani kwa kimya cha siku tisa. Nimesoma kila bandiko, mengine nimemsomea mke wake.

Nilimwonyesha mdogo wangu namba 22. Alisoma mara mbili, akatoka nje, akarudi na mfuko wa nailoni uliokuwa kwenye dari ya jiko. Tulihesabu pamoja, vilikuwa 86. Alisema deni kwa yule wa kambini ni la giza mbili. Sista, nilimuuliza kuhusu daktari wa kwanza, anasema aliambiwa "ukisikia maumivu meza", hivyo tu. Lakini anasema pia mgongo ulipona ndani ya mwezi na yeye mwenyewe alijua umepona.

Daktari tuliyemwona amempangia kushuka taratibu, mke wake ndiye anayeshika vidonge, anampa kwa hesabu. Ametupa karatasi ya kipimo cha kichwa ili wajue kama kifafa kipo au hakipo. Na amekataza kabisa kuingia majini mpaka atakaporuhusu. Hapo ndipo pagumu. Giza linaanza wiki ijayo, wenzake wanapita kumwita, na yeye kitu kingine hajui kufanya zaidi ya kuvua.

#28 Mzee_Kirumba
Mlete Igombe. Nina chanja sita za kuanika dagaa na kijana wangu mmoja ameondoka. Kazi inaanza mitumbwi ikirudi, saa kumi na mbili asubuhi, yote nchi kavu. Kubeba ndoo asibebe, ageuze tu na kufukuza ndege. Nitumie ujumbe pembeni.

#29 Mwana_wa_Kayenze
Nimekutumia mzee.